Uvimbe wa titi: kupimwa si lazima kupasuliwa

Kina mama wengi huficha uvimbe wa titi kwa kuogopa kisu. Nawaeleza hili ili hofu ipungue. Daktari hupaka jeli, huweka kifaa cha ultrasaundi juu ya ngozi, na mawimbi ya sauti tusiyoyasikia hurudi yakawa picha kwenye skrini. Hapo humdunga mgonjwa ganzi, kisha huingiza sindano huku akiiona inavyokwenda mpaka kwenye uvimbe, akatoa kijinyama kikapimwe maabara. Mashine hii haina miale kama ya eksirei. Kidonda ni kidogo, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, lakini hutajua bila kupima. Mtume wetu (S.A.W) ametuamrisha tujitibu. Tusichelewe, ndugu zangu.