Soma Neno, Kisha Ujiulize

Wengi wetu tunasikia Neno Jumapili, halafu Biblia inakaa kabatini wiki nzima. Imani haikui hivyo. Tujipatie dakika kumi kila siku. Soma kifungu kifupi polepole, mara mbili. Asiyejua kusoma asomewe na mtoto. Halafu nyamaza ujiulize: Kinanigusa wapi? Leo nitafanya nini?

Tuchukue Nehemia, sura ya 5. Wakati wa njaa, maskini waliweka rehani mashamba ili wapate nafaka, na wakubwa wakawatoza riba. Nehemia alikasirika, lakini kwanza alitafakari moyoni. Tena alikubali kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekopesha. Ndipo wakubwa wakakubali kurudisha mashamba.

Kikundi chetu kilikuwa karibu kuchukua mbuzi wa mama mjane aliyeshindwa kulipa mkopo. Tukakubaliana kila mtu asome sura hiyo nyumbani kwanza. Siku ya mkutano, mweka hazina alisimama akasema, "Hata mimi nina deni la mwaka jana." Basi, tukanyamaza wote. Mama akaongezewa miezi mitatu, na mbuzi akabaki kwake.

Je, kikundi chenu kina deni gani la kutafakari?