Sikio ikiziba gafula, usingoje mwisho wa mwezi

Ku sendika tunapokea malalamiko mengi ya mishahara. Ya masikio inafika kidogo, tena kisha kuchelewa. Mutu anaamuka asubui, sikio moja haisikie, ndani inalia kama nzige, pengine na kizunguzungu. Anasema ni vumbi ya mu shimo, itatoka. Jirani anasema wamemuloga. Siku zinapita.

Sikio inayokufa mu siku moja mpaka tatu ni jambo ya haraka. Mara nyingi hata wamunganga hawapate sababu. Karibu nusu ya wagonjwa wanapona wao wenyewe, kidogo ao kabisa, lakini hakuna anayejua kama atakuwa mu ile nusu. Dawa ya kortizoni inasaidia zaidi mu siku za kwanza. Kisha juma mbili nguvu yake inapunguka sana. Usiinunue wewe mwenyewe ku farmasi: inapandisha sukari na tansio.

Fumba kinywa, guna «mmm». Sauti ikienda ku sikio yenye kuziba, pengine ni uchafu ao ngozi ya ndani. Ikienda ku sikio nzima, pengine mushipa njo umeguswa: enda hospitali siku ile ile. Hata ile ya kwanza, munganga aangalie.

Sisi wa mine tuko na sababu zetu. Mulipuko wa karibu unaweza kupasua ngozi ya sikio. Tundu ndogo mara nyingi inajifunga mu juma kadhaa, kama hautie maji, mafuta wala kijiti. Lakini nywele ndogo za ndani, zenye kelele imeua, haziote tena. Desibeli 85 kwa saa 8, njo mupaka. Ku 100 ni dakika 15 tu, na marto ya kutobolea mawe inapita pale. Kwa hiyo vizibo vya masikio si mambo ya waoga, na mwajiri njo anapaswa kuvitoa.

Kuko na dawa pia. Kinini ya malaria inaleta mulio, mara nyingi unaisha. Jentamisini inaweza kuharibu sikio kwa siku zote. Ukisikia mulio, sema mbele ya sindano ingine.

Kama ilitokea ku kazi, infirmie aandike siku, saa na poste, na mwajiri atangaze aksida ku CNSS. Omba kopi. Delege wako atakusindikiza.


Na ninyi wamama: bwana akianza kugeuza kichwa ili asikie, musimucheke. Mumupeleke.