Gari la Boksi Likienda Kombo

Kazi nyingi za mikono tunazowapa watoto nyumbani hazina namna ya kukosewa. Mtoto wa miaka sita akikata ua la karatasi na kulibandika kwenye kadi, mzazi atasema "zuri sana" hata kama ua lenyewe linafanana na doa la chai. Mtoto si mjinga. Anajua kuwa sifa hiyo angeipata hata angelipua, na kadi ya tatu kweli anailipua.

Sisi tunaowafunda walimu wa madarasa ya awali tunapendelea kazi ya aina nyingine: kitu ambacho kikishakamilika lazima kifanye jambo. Gari litembee, kishada kipae, kopo lilie, rangi igeuke. Hapo mzazi anapumzika uhakimu. Gari likikata kushoto, mtoto anaona kwa macho yake, na swali la "mbona haliendi moja kwa moja?" linamtoka mwenyewe. Ukinitaka nichague kazi moja tu ya likizo, nitachagua gari hilo.

Vifaa vimo ndani: boksi dogo la majani ya chai au la dawa, vifuniko vinne vya chupa za maji, vijiti viwili vya mishikaki, mrija mmoja na gundi. Mrija unakatwa vipande viwili vyenye urefu sawa na upana wa boksi, vinagundishwa chini yake, kimoja mbele na kimoja nyuma. Kijiti kinapita ndani ya kila mrija kama ekseli, kisha vifuniko vinachomekwa kwenye ncha zake. Kutoboa vifuniko ni kazi ya mtu mzima. Msumari uliopashwa moto na kushikwa kwa koleo hutoboa mara moja, na mtoto akae mbali kidogo.

Sasa subiri uone yatakayotokea. Watoto wengi, wasipoelekezwa, hugundisha kijiti moja kwa moja kwenye boksi. Gari likisukumwa linaburuzwa, magurudumu yamekaza. Usimwambie kosa liko wapi. Mgeuzie gari, magurudumu yatazame juu, umwambie azungushe moja kwa kidole. Atagundua kuwa gurudumu linataka kushikana na kijiti kwa nguvu, na kijiti kinataka kuzunguka huru ndani ya mrija. Ekseli zinazozungushwa na injini katika magari ya kweli hufuata kanuni iyo hiyo: magurudumu yamebanwa, na ekseli inazunguka ndani ya beringi.

Tatizo la pili ni gari linalochechemea. Chanzo chake mara nyingi ni tundu ambalo halikukaa katikati ya kifuniko. Kupata katikati hakuhitaji rula. Weka kifuniko juu ya karatasi, zungushia penseli, kata duara hilo, likunje nusu, kisha likunje nusu tena. Ukilikunjua, mikunjo miwili inakatana pale pale katikati. Rudisha karatasi juu ya kifuniko na utie alama kwa ncha ya penseli. Huo ni mtihani wa jiometri ambao mtoto wa darasa la pili anaumaliza bila kujua kuwa amefanya hesabu.

Na gari likienda kombo, pima umbali kati ya mirija miwili upande wa kulia, halafu upande wa kushoto. Usipolingana, gari litapinda kuelekea upande wenye umbali mfupi. Mtoto akibandua mrija na kuurekebisha, alijaribu gari tena kwenye ubao ulioinamishwa juu ya vitabu viwili, na abadilishe jambo moja tu kila mara. Akibadilisha matatu kwa pamoja, gari linaweza kupona na asijue lilikuwa linaumwa nini.

Hapa ndipo wazazi wanapotutia matatani. Gari limekataa kwenda, mtoto amenuna, baba anasema "lete hapa," na dakika tano baadaye gari linatembea na mtoto yuko nje anakimbizana na wenzake. Nchini Kenya, tangu mtaala wa umilisi uingie shuleni, ni utani wa kawaida kuwa kazi za mikono za wanafunzi zinakamilishwa na mama saa nne za usiku. Mtoto anahitaji mikono ya mzazi pale penye moto, kisu au bati kali. Kwingine anahitaji mtu wa kushika upande wa pili wa kitu na kufunga mdomo.

Gundi ya dukani si lazima. Unga wa ngano au wa muhogo unatosha kwa karatasi na maboksi. Koroga kijiko kimoja cha unga na maji baridi kidogo mpaka madonge yaishe, ongeza maji yafike vijiko vitano au sita, kisha weka jikoni moto mdogo ukiendelea kukoroga. Mwanzoni ni maji meupe tu. Yakishapata joto la kutosha, karibu nyuzi 60 na kuendelea, chembe za wanga hunywa maji, huvimba na kupasuka, na ghafla mwiko unakuwa mzito. Muite mtoto aone badiliko hilo, maana linakuja kwa haraka. Gundi hii inakaa siku mbili tatu kabla haijachacha, na chumvi kidogo huirefushia maisha. Ubaya wake mmoja ni kuwa mende na panya huipenda kuliko sisi, kwa hiyo kazi iliyogundishwa kwa unga isilale chini ya kitanda.

Rangi nazo zimo jikoni, na hapa kuna jambo ambalo kila aliyewahi kufua kanzu yenye doa la biriani amekutana nalo. Doa lilikuwa la njano. Ukipaka sabuni linageuka jekundu, unadhani umeliharibu zaidi. Hujaliharibu. Manjano, ile bizari ya njano, ina rangi iitwayo kurkumini, nayo hubadilika inapokutana na kitu chenye alikali kama sabuni ya kufulia au magadi. Ikikutana na tindikali, kama ya limau au siki, inarudi njano.

Kwa mtoto huo ni uchawi uliohalalishwa. Koroga kijiko cha chai cha manjano katika robo kikombe cha maji ya moto, yaache yapoe, kisha paka karatasi nyeupe kwa kitambaa na uianike kivulini. Katika kisosi kimoja weka maji yaliyosuguliwa sabuni ya mche, katika kingine maji ya limau. Mtoto achovye kijiti cha pamba kwenye maji ya sabuni na kuchora juu ya karatasi kavu. Mstari unatoka mwekundu wa kahawia hapo hapo, wakati maji ya kwenye kisosi hayakuwa na rangi yoyote ya maana. Apitishe limau juu yake, mstari unafifia. Sabuni nyingi za maji za kuoshea vyombo hazileti badiliko hili, kwa kuwa hazina alikali ya kutosha. Mtoto mkubwa kidogo anaweza kugeuza hilo kuwa mchezo: kukusanya kila kitu cha jikoni na bafuni, kuanzia maji ya majivu hadi maziwa ya mgando, na kupima kipi kinageuza na kipi hakigeuzi. Dawa kali za kusafishia choo zisiingie kwenye mchezo huo. Nguo za shule pia zisiwepo karibu, ingawa doa la manjano likianikwa juani siku kadhaa hupungua lenyewe, kwa maana kurkumini haiwezi mwanga.

Kishada, au tiara kama wengine wasemavyo, kina wakati wake. Pwani, pepo za kusi za Juni hadi Agosti ndizo za kurushia. Fito mbili za chelewa, mmoja wa sentimita 50 na mwingine wa 40, zifungwe msalaba kwenye robo ya juu ya ule mrefu, karatasi nyepesi ibandikwe juu yake, na mkia wa matambara ya kanga kuukuu ufungwe chini. Kikizunguka hovyo angani, ongeza mkia. Kikigoma kupanda, upunguze. Uzi wa kurushia unashikana na kamba fupi iliyofungwa juu na chini ya ufito mrefu, na kusogeza fundo lake kwa upana wa kidole tu hubadilisha tabia ya kishada kizima. Usitumie waya kabisa, na uwanja uwe mbali na nyaya za umeme na barabara.

Kopo la kulia, ndugu mdogo wa kayamba, linafaa kwa watoto wa miaka mitatu na minne. Weka mchele, choroko au maharage ndani ya kopo, funga mfuniko kwa gundi na utepe, na mtoto apambe nje. Makopo matatu yenye vitu tofauti ni bora kuliko moja, maana hapo anaanza kusikiliza: mchele unanong'ona, maharage yanapiga kelele. Likijazwa mpaka juu halilii, na ni vizuri ajaribu mwenyewe kabla hujamwambia. Onyo moja nalitoa bila mzaha. Mbegu za mtipitipi, zile nyekundu zenye jicho jeusi, zinavutia sana na zina sumu kali, hasa zikitafunwa au kutobolewa. Mbegu za mbarika, au nyonyo, nazo ni vivyo hivyo. Zote zisitumike nyumbani kwenye watoto, wala kwa shanga wala kwa kopo.

Mpira wa chandimu umebadilika kwa sababu ya sheria. Waliokua zamani waliuviringisha kwa mifuko ya rambo, au juala kwa Wakenya. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na kwa mazingira huo ulikuwa uamuzi mzuri. Mpira wa matambara peke yake haudundi, kwa kuwa hauna hewa wala kitu cha kunyumbuka. Dawa yake ni kuweka kipande cha sponji la godoro bovu katikati, kukiviringishia matambara, na kufunga nje kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyokatwa kama kamba na kuvutwa kwa nguvu. Huu unadunda, na unadumu kuliko ule wa rambo.

Kuhusu umri, usishike sana namba zinazoandikwa kwenye maboksi ya vifaa vya dukani. Mtoto wa miaka miwili hufurahia kuchana karatasi na kupaka gundi, na hiyo ni kazi tosha. Mikasi isiyo na ncha kali huanza kumtii karibu na miaka mitatu au minne, kwanza kwa kukata ovyo. Kufuata mstari huja baadaye, kwenye mitano au sita. Akishindwa kukata boksi gumu, mpe karatasi badala ya kumkatia.

Wenye mtoto wa chini ya miaka mitatu ndani ya nyumba wawe na kipimo kimoja. Chukua bomba la karatasi la ndani ya toileti pepa. Chochote kinachopita humo, kiwe kifuniko cha chupa, harage au shanga, kinaweza kumkaba mtoto huyo, na hakipaswi kubaki sakafuni wakubwa wakishamaliza kazi. Betri ndogo za duara za saa na vichezeo ni hatari zaidi: moja ikimezwa na kukwama kooni, huunguza ndani kwa muda wa saa chache tu. Mtoto akiimeza, au ukishuku tu kuwa ameimeza, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, usingoje dalili.