Je, Wajua? Mlima wa Chuma Ulioamka Nairobi

Je, wajua kwamba kuna mlima wa Tanzania uliolala Nairobi miaka 20 na ushei, kisha ukaamka unafuka moshi? Usinikodolee macho. Nasema kichwa cha treni namba 5918, kilichobandikwa ubavuni kibao cha Mount Gelai, jina la mlima wetu wa mita 2,942 ulioko kando ya Ziwa Natron. Kilistaafishwa, kikawekwa Makumbusho ya Reli Nairobi watu wakitazame, na mwaka 2001 mafundi wakakiwasha tena. Kikapiga honi, kikaondoka!

Sasa chungulia chini ya magurudumu yake. Reli ni nyembamba, chuma hadi chuma mita 1 tu, unaivuka kwa hatua moja. Na juu yake kinakaa kitu cha zaidi ya tani 250.

Sisi wa Tunduma tunahesabu kwa malori, basi tuhesabu. Semitrela iliyoshiba hadi kikomo cha sheria ina tani 56. Pandisha nne kwenye mizani kwa pamoja, bado kichwa hiki kinazishinda, tena hakijafungwa behewa hata moja.

Urefu? Mita 31 na kitu. Panga mabasi mawili ya mkoani, moja nyuma ya jingine, halafu kata la tatu katikati uunganishe nusu yake. Magurudumu yako 28, na 16 kati ya hayo ndiyo yanayosukuma.

Na mzigo wake je? Tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi, kilomita 530, njia ikipanda kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,700 hivi. Hiyo ni foleni ya malori 40 ya tani 30 kila moja, yanavutwa na kichwa kimoja! Foleni ya malori 40 unaijua wewe, sina haja ya kukuchorea.

Hebu nikuulize: unadhani ni wapi duniani walitengeneza kichwa cha mvuke chenye nguvu kuliko hiki kwa reli ya mita 1? Hakuna. Si India, si Brazili, hakuna. Bingwa wa dunia wa reli nyembamba alikuwa wa Afrika Mashariki.

Je, wajua kitu kikubwa hivyo kinakataje kona? Ni ubunifu wa Mwingereza Herbert William Garratt, aliyeomba hataza yake mwaka 1907. Fikiria watu wawili wamebeba machela: mmoja mbele, mmoja nyuma, mgonjwa katikati. Njia ikipinda, kila mbebaji anageuka kivyake na mgonjwa haanguki. Wabebaji ni injini mbili, na mgonjwa ni tangi kubwa la kuchemshia maji, ambaye kwa kweli si mgonjwa hata kidogo, maana ndiye anayewapa wenzake nguvu zote.

Tangi hilo lina presha ya paundi 225 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la lori lina 110 au 120 hivi, na likipasuka unajua wanavyotawanyika watu. Zidisha mara mbili.

Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke hudai nafasi ya lita 1,600 hivi. Sufuria yako ya ugali inajua siri hiyo, ndiyo maana mfuniko wake haukai kimya.

Utasema basi kinakula makaa ya mawe. Hapana! Makaa tunayo sisi, kule Kiwira wilayani Ileje; Mlima Gelai unakunywa mafuta mazito.

Twende kwenye majina, hapa ndipo pananinogea mimi. Vichwa vya aina hii vilitengenezwa 34 tu, vyote katika kiwanda cha Beyer Peacock huko Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956. Kila kimoja kikapewa jina la mlima au mahali pa juu pa Afrika Mashariki: Kenya, Meru, Elgon, Kilimanjaro. Kulikuwa na Lengai pia, volkano hai, na sijui kama kuna jina lililowahi kukaa mahali pake vizuri kuliko hilo. Sasa kaa sawa kwenye benchi: kulikuwa na Rungwe. Kulikuwa na Mbeya!

Ndiyo, Mlima Mbeya wa chuma, wenye moshi na honi. Ulizaliwa Manchester, ukavuka bahari, ukavuta mizigo miaka mingi, wala haukuwahi kuiona Mbeya hata kwa mbali. Reli ya mita 1 haikuwahi kufika nyanda zetu.

Katika wale 34, wangapi wamebaki? Wawili! Gelai, na mwenzake namba 5930 aitwaye Shengena, jina la mlima wa Upare. Yaani wote wawili waliookoka wana majina ya milima ya Tanzania, na wote wanaishi Kenya. Kuna kichwa kingine kidogo kwenye makumbusho hayo, namba 3020, ambacho nacho kilifufuliwa kikatembea. Jina lake? Nyaturu, watu wa Singida! Watanzania watatu Nairobi miaka yote hiyo, na hakuna aliyewahi kuwauliza pasipoti. Jaribu wewe kesho hapo Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, uone.

Je, wajua kwamba Gelai ukiletwa Tunduma utashindwa kusimama kwenye reli yetu? TAZARA ina upana wa milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, kama vidole vitatu au vinne hivi vilivyobanwa pamoja. Vidole hivyo vimekula jasho la watu: pale Kidatu, mkoani Morogoro, reli hizi mbili zinakutana bila kuungana, na mzigo hushushwa huku ukapakiwa kule.

Usijidanganye kwamba yetu ndiyo pana. Reli ya kawaida duniani, kama ile mpya ya SGR ya Dar es Salaam hadi Dodoma, ni milimita 1,435. TAZARA nayo iko kundi la wembamba, ila ni ndefu: kilomita 1,860, na 975 kati yake ziko upande wetu. Hizo 975 zinaishia hapa Tunduma, ambako mataruma yalifika Agosti 1973.

Nishikilie hii. Wachina walipojenga TAZARA walituletea vichwa vya dizeli tangu mwanzo. Kumbe kwao, kiwandani Datong, waliendelea kutengeneza vya mvuke hadi 1988! Mgeni kapikiwa pilau, mwenye nyumba anakula kiporo.

Unadhani ufufuo wa Nairobi ndio mkubwa? Panda juu hadi Eritrea. Reli ya huko ni nyembamba zaidi, milimita 950, nayo inatoka bandari ya Massawa hadi Asmara. Kwa kilomita 118 tu inapanda kutoka baharini hadi zaidi ya mita 2,300. Vita vikaiua, askari wakang'oa vyuma na mataruma wakajengea mahandaki. Baada ya uhuru wa mwaka 1993 Waeritrea wakaamua kuirudisha wenyewe, na unajua waliwaita nani? Wazee! Wastaafu wa reli, wengine wenye miaka 70 na zaidi, wakarudi karakana na nyundo zao, maana vijana hawakuwahi kuijua kazi hiyo. Vyuma vikachimbuliwa kutoka kwenye mahandaki vikarudishwa njiani, na vichwa vya mvuke vya Kiitaliano vya miaka ya 1930 vikawashwa upya. Mwaka 2003 treni ikafika Asmara. Mimi hapa ningelipa nauli mara mbili nikae karibu na dereva.

Na hii je? Huko Wales, Uingereza, watalii wanapandishwa mlimani na vichwa vya Garratt vilivyotoka Afrika Kusini, kwenye reli ya milimita 597, yaani hata mita haijafika. Kimojawapo, namba 143, ndicho cha mwisho cha aina ya Garratt kutoka mikononi mwa Beyer Peacock, mwaka 1958. Reli hiyohiyo ikakifufua na kile cha kwanza kabisa duniani, K1 cha mwaka 1909, kilichoanzia maisha Tasmania, Australia. Kifungua mimba na kitinda mimba wakakutana uzeeni!

Sasa rudi nyumbani, sogea kidogo. Kule Livingstone, Zambia, kuna treni ya kitalii iitwayo Royal Livingstone Express, nayo imevutwa na vichwa vya mvuke vya miaka ya 1920 vilivyokarabatiwa, namba 156 na 204. Vimewahi kuwapeleka wageni hadi daraja la Victoria Falls, lililojengwa mwaka 1905.

Upana wa reli ya Livingstone unaujua? Milimita 1,067! Ndiyo yetu hii hii, na Kapiri Mposhi zinaungana. Treni ya kifahari ya Rovos Rail imekuwa ikipita njia hiyo tangu 1993, ikitoka Cape Town hadi Dar es Salaam, na Tunduma inapita. Kwa hiyo siku mtu akiamua kumleta mzee 156 hapa mpakani, hatahitaji kubadilisha gurudumu hata moja. Maji na makaa tu, na vidole vinne vya Kidatu havimhusu.