Mechi ni Dakika 90, Wikiendi ni Siku Tatu

Leo hatuwaongelei wachezaji. Tunamwongelea yule anayewaangalia: wewe shabiki.

Tuseme unasoma Iringa. Timu unayoizimikia inacheza Mbeya, Uwanja wa Sokoine, Jumamosi saa kumi jioni. Kaka yako yuko chuo, na wanachuo wenzake wamechanga pesa wakakodi Coaster. Nafasi moja imebaki. Baba amekubali, mama ameguna, lakini ruhusa umepata. Ijumaa hiyo mwalimu wa hesabu anaandika ubaoni, wewe kwenye daftari unapanga kikosi.

Hatutakuambia uache. Nyanda za Juu Kusini mpira ni wa kwetu. Tukuyu Stars ya Rungwe ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986. Mbeya City ilipanda Ligi Kuu mwaka 2013, na katika msimu wake wa kwanza ikamaliza ya tatu, huku mashabiki wake wakiifuata mikoani kwa mabasi. Juni 1, 2019 Lipuli ya Iringa ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Lindi, ikafungwa na Azam 1-0. Kutoka Iringa hadi Lindi si mchezo. Kurudi umefungwa ndio balaa zaidi!

Nenda kashangilie. Ila kuna jambo moja tunataka ulijue kabla hujapanda gari: mechi huisha kwa filimbi, lakini mwili wako hauisikii filimbi hiyo.

MWILI NAO UNACHEZA

Umewahi kujiuliza kwa nini moyo unadunda wakati wa penalti, na wewe umekaa tu jukwaani? Ubongo ukiona hatari au ushindi mbele yake, unaamuru mwili utoe homoni inayoitwa adrenalini. Moyo unaenda mbio, viganja vinatoka jasho, maumivu na uchovu huvisikii. Mwili umejiandaa kupigana au kukimbia, ingawa hujagusa mpira.

Haya si maneno ya kijiweni. Watafiti wa Marekani waliwapima mate vijana wa kiume waliotazama kwenye televisheni fainali ya Kombe la Dunia ya 1994 kati ya Brazil na Italia. Mashabiki wa Brazil, walioshinda, homoni yao ya testosteroni ilipanda. Wale wa Italia ikashuka. Hakuna hata mmoja wao aliyepiga mpira! Na Kombe la Dunia la 2006 lilipochezwa Ujerumani, madaktari wa eneo la Munich waliona kwamba siku Ujerumani ilipocheza, watu waliopatwa na matatizo ya dharura ya moyo walikuwa zaidi ya mara mbili ya siku za kawaida. Wengi wao walikuwa watu wazima, hasa waliokuwa na ugonjwa wa moyo tayari, kwa hiyo usiogope. Lakini umepata picha.

Sasa fikiria. Filimbi ya mwisho imelia. Damu bado inachemka. Umeshinda, unajiona mfalme. Au umefungwa, unataka kumpiga mtu. Giza linaingia, mji si wako, pesa kidogo iko mfukoni, na kila mtu anakuita twende huku, twende kule. Hapo ndipo maamuzi mabaya ya wikiendi nzima hufanyika. Dawa yake? Amua Ijumaa, kichwa kikiwa baridi.

IJUMAA: MAMBO MANNE YA KUPANGA

Kwanza, utalala wapi Jumamosi usiku? Kama ni kwa shangazi, Ilomba, shangazi ajue unakuja na saa ngapi. "Tutajua huko huko" si mahali pa kulala.

Pili, utarudi na nani? Chagueni mwenzako mmoja, msiachane. Mkiingia wawili, mnatoka wawili. Kubalianeni pa kukutana nje ya uwanja mkipoteana, maana simu huisha chaji.

Tatu, pesa. Igawe mara mbili. Ya nauli ya kurudi iweke mbali na ya kutumia, na usiiguse hata timu yako ikichukua kombe.

Nne, lala. Kijana wa umri wako anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Kukesha mkibishana kikosi ni kuanza mechi umeshachoka.

JUMAMOSI: BARABARANI

Iringa hadi Mbeya ni kilomita zipatazo 330. Mafinga, Makambako, Chimala, Igurusi, halafu mteremko wa Inyala kabla ya Uyole. Mteremko huo umeshaua watu wengi. Malori makubwa ya kwenda na kutoka Zambia yanapita hapo, na breki zikifeli hakuna wa kuamua penalti.

Kwa hiyo funga mkanda. Usitoe mwili dirishani kupeperusha bendera, na usikubali kusimama kwenye gari lililojaa. Dereva akiendesha kwa fujo, au akinusa pombe, semeni. Mkisema watu ishirini kwa sauti moja atasikia. Kumwambia dereva "punguza, tufike" si ushamba, ndugu yangu. Ushabiki wa kweli ni kufika.

Kula kabla ya kuingia uwanjani: wali, ndizi, maharage, parachichi. Mshabiki mwenye njaa anachoka haraka na kukasirika haraka. Beba maji ya kunywa yaliyochemshwa au ya chupa, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Kuharisha jukwaani ni soo!

UWANJANI

Mbeya iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mchana hewa ni baridi kiasi kwamba unasahau jua, lakini huku juu mionzi yake ni mikali zaidi kuliko pwani. Vaa kofia. Kama wewe au rafiki yako ana ualbino, kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua ni lazima. Jua likizama, hasa Juni na Julai, baridi inauma kweli. Sweta lisibaki kwa shangazi.

Sauti je? Koo lina nyuzi mbili ndogo zinazogongana unapopiga kelele. Ukizigonganisha kwa dakika 90 zinavimba, na kesho yake unaongea kama redio mbovu. Kunywa maji mara kwa mara, imba na wenzako badala ya kufoka peke yako, na baadaye pumzisha sauti. Usinong'one kwa nguvu, nako kunachosha nyuzi. Sauti ikikwama zaidi ya wiki tatu, nenda hospitali. Na usikae mbele ya mdomo wa vuvuzela. Masikio yakibaki yanavuma baada ya mechi, yanakuambia yameumia.

Jambo jingine ni msongamano. Mei 9, 2001 mjini Accra, Ghana, mechi ya Hearts of Oak na Asante Kotoko ilikuwa inaisha. Fujo zikaanza jukwaani, polisi wakapiga mabomu ya machozi, watu wakakimbilia milango. Walikufa watu 126. Wengi walikosa hewa kwa kubanwa. Kwa hiyo ukiingia uwanjani, kabla ya kutafuta siti, tazama milango iko wapi. Mwisho wa mechi usikimbilie lango. Subiri dakika 10 umati upungue. Ukijikuta umebanwa, kunja mikono mbele ya kifua kama bondia ili upate nafasi ya kupumua. Usishindane na mkondo wa watu. Sogea nao huku ukijivuta kidogo kidogo kwenda pembeni. Kiatu kikidondoka, kiache. Kiatu kinanunuliwa.

BAADA YA FILIMBI

Hapa ndipo pa moto. Timu imeshinda, mnaimba barabarani. Mtu mzima asiyejulikana anawanunulia bia. Mwingine anasema twende kwenye komoni, kuna ulanzi pia. Wewe wa Iringa ulanzi unaujua: ukiwa mbichi ni mtamu kama juisi, na kadiri unavyokaa ndivyo unavyochacha. Utamu wake haukuambii una kilevi kiasi gani.

Pombe haiongezi joto, inakudanganya. Inapanua mishipa ya damu kwenye ngozi, unahisi joto, kumbe joto la mwili linatoka nje. Kwenye baridi ya Mbeya usiku huo ni mtego. Kahawa na maji baridi haviondoi ulevi, ni muda tu. Na kwa sheria, chini ya miaka 18 hutakiwi kuuziwa. Rafiki akizidiwa, mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe, mfunike, usimwache peke yake. Asipoamka ukimwita, mpeleke hospitali haraka.

Halafu kuna lifti. Jamaa ana gari zuri, amevaa jezi kama yako, anamwambia msichana, "Dada, nitakufikisha. Tupite kwanza mahali tusherehekee." Jezi moja haimfanyi mtu kuwa ndugu. Hatusemi kila mtu ni fataki, lakini ndiyo maana ulipanga Ijumaa: nimekuja na fulani, naondoka na fulani. Jibu ni fupi: "Asante, nina wenzangu." Wavulana, hili linawahusu nanyi pia. Nanyi mnatongozwa na kulaghaiwa, na tena kumshika msichana kwa nguvu "kwa furaha ya goli" ni kosa, si ushabiki.

Kwa nini tunakazania? Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wa miaka 15 na zaidi, wanaoishi na VVU nchini ni asilimia 4.4. Njombe ni 12.7, Iringa 11.1, na Mbeya 9.6. Yaani barabara ile uliyopita na Coaster inapita mikoa mitatu iliyoguswa sana. Hili si la kumnyooshea mtu kidole, wala kumwogopa anayeishi na VVU. Mkikaa naye jukwaani, mkila sahani moja, huambukizwi. Na anayetumia dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Hatari ni ngono isiyo salama na mtu usiyejua hali yake, usiku ambao kichwa hakiko sawa. Kusubiri ni salama zaidi. Anayefanya ngono atumie kondomu, kila mara.

Na kama jambo limeshatokea, umelazimishwa au kondomu imepasuka, usikae kimya. Nenda kituo cha afya mara moja. Kuna dawa za kuzuia VVU zinazotakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Hunywewa siku 28. Kuna pia vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, ndani ya siku tano, navyo mapema ni bora. Kama umebakwa, kosa si lako, hata kama ulikunywa, hata kama ulipanda gari mwenyewe. Mweleze mtu mzima unayemwamini, nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116 bure, simu ya kusaidia watoto. Kupima VVU, ukiwa na miaka 15 huhitaji ruhusa ya mzazi.

MKEKA

"Natia buku tu, narudisha elfu hamsini." Umeisikia? Kampuni za kubeti hazijengwi na wanaoshinda. Na ubongo una ujinga wake: mkeka ukichanika kwa mechi moja tu, unahisi ulikaribia kushinda, kumbe umepoteza sawa na aliyekosa zote. Ndipo unaongeza kufidia. Ikianza kuliwa nauli, au ukaanza kudanganya nyumbani, hiyo si burudani tena. Sheria hairuhusu kubeti chini ya miaka 18.

JUMAPILI NA JUMATATU

Rudini mchana, dereva akiwa amelala vya kutosha. Kunywa maji, lala mapema, acha koo lipumzike. Kama mmefungwa, huzuni ni halali. Mwili wako ulicheza kweli. Ila mdogo wako hakukosa penalti, usimmalizie hasira.

Jumatatu darasani watakuuliza, "Ilikuwaje?" Utawasimulia goli. Huenda hutawasimulia mkanda ulioufunga Inyala, lifti uliyoikataa na zile dakika 10 ulizosubiri langoni. Hayo hayapigiwi vuvuzela. Lakini ndiyo yaliyokurudisha darasani, ukiwa mzima, na daftari lako la vikosi.

Haya, mechi ijayo ni lini? Kazi kwako!