Wachoraji, jiko la makaa na baridi ya Julai

Kuanzia Juni hadi Agosti, wakazi wa Kanja, karibu na Runyenjes katika Kaunti ya Embu, hukaa siku kadhaa bila kuliona jua. Ukungu huteremka kutoka Mlima Kenya alfajiri, manyunyu hufuata, na mtu aliyekuwa akishinda barazani hujikuta amejifungia ndani na blanketi magotini. Wengi hulalamika. Lakini kuna watu wachache ambao huyasubiri majira haya kwa hamu, nao ni wale wanaochora na kupaka rangi kwa kujifurahisha tu, bila nia ya kuuza.

Huenda msomaji unamfahamu mmoja wao. Ni mwalimu aliyestaafu, fundi wa cherehani, muuguzi aliye likizoni, au mama ambaye wanawe wote wamehamia Nairobi. Jumapili alasiri hukutana nyumbani kwa mwenzao, kila mmoja na picha yake kwapani imefungwa kwa karatasi ya nailoni isilowe. Picha huegemezwa ukutani, chai ya tangawizi na nduma huletwa, na mazungumzo huanza. Huyu amechora mashamba ya majani chai yaliyomezwa na ukungu, yule ng'ombe wake aliyezaa juzi, mwingine mikono ya mama yake ikimenya viazi. Wanaulizana rangi ile ya kijivu imepatikanaje. Kabla hujajua, wameshahamia kwenye habari za nyumbani: kikohozi cha mtoto kisichoisha, kahawa isiyokauka, na bei ya gunia la makaa.

Kama tabibu, mikutano ya namna hii naipenda sana, na pia inanitia wasiwasi. Acha nianze na sababu za kuipenda.

Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel huko Philadelphia, Marekani, waliwaita watu wazima 39 wakawapa karatasi, kalamu za rangi na udongo wa kufinyanga, wafanye watakalo kwa dakika 45. Mate yao yalipimwa kabla na baada ya hapo ili kujua kiasi cha kotisoli, ile homoni ambayo mwili huitoa kwa wingi mtu anapokuwa na dhiki. Kwa takribani robo tatu yao, kiasi hicho kilikuwa kimeshuka. Lililonifurahisha zaidi ni kwamba wasiojua kuchora hawakufaidika kidogo kuliko waliozoea. Bila shaka watu 39 ni wachache, na hakukuwa na kundi jingine la kulinganisha, kwa hiyo usitupe vidonge vyako vya shinikizo la damu ukakimbilia brashi. Hata hivyo, ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, inaelekea upande uo huo.

Fauka ya hayo kuna faida ya kukaa na wenzako. Mwaka 2025, shirika hilohilo lilitangaza kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke huchangia maradhi ya moyo, kiharusi na vifo vya mapema. Sisi tulizoea kudhani kwamba upweke ni ugonjwa wa Wazungu. Mtembelee mjane mwenye umri wa miaka 70 kijijini mwezi wa Julai, barabara ni tope na jirani hatoki, halafu unieleze. Mtu akijua kwamba Jumapili kuna wenzake watakaotaka kuiona picha yake, ana sababu ya kuamka Jumatatu na kuchanganya rangi. Na asipofika, kuna atakayeuliza yuko wapi. Swali hilo limewahi kuwafikisha hospitalini wagonjwa ambao wangelala peke yao nyumbani na nimonia.

Mlima wetu huu una kisa chake. Mwaka 1943, Mwitaliano Felice Benuzzi alikuwa mfungwa wa vita katika kambi ya Waingereza huko Nanyuki, upande wa pili wa mlima. Kilichokuwa kikimmaliza ni siku zinazofanana, moja baada ya nyingine, bila tarehe ya mwisho. Januari mwaka huo alitoroka pamoja na wenzake wawili, wakaupanda mlima kwa vifaa walivyovitengeneza kambini kwa siri, kisha wakarudi wenyewe kujisalimisha. Benuzzi aliuchora mlima huo kwa rangi ya maji, na hakuwa mchoraji wa kazi. Sikushauri uruke ua, lakini akili iliyofungiwa hutafuta pa kutokea, na brashi ni mlango wa bei nafuu.

Sasa nije kwenye wasiwasi wangu.

JIKO

Chumba kina watu wanane. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, na pengine nguo imesokomezwa chini ya mlango. Katikati kuna jiko la makaa, jekundu na zuri, na picha mbichi zimesogezwa karibu nalo, kwa kuwa katika ukungu wa Julai rangi hukataa kukauka. Baada ya saa moja mmoja anasema kichwa kinamgonga. Mwingine anahisi kichefuchefu. Wanacheka, wanasema ni harufu ya rangi, na chai inaongezwa.

Makaa yanapoungua bila hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, haiwashi macho wala kukohoza. Ukiivuta hushikana na hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kwa hiyo damu inaendelea kuzunguka kama kawaida, lakini ubongo na moyo havipati mahitaji yao. Mama mjamzito yuko hatarini zaidi, kwa sababu damu ya mtoto aliye tumboni huikamata sumu hii kwa nguvu zaidi na kuiachilia polepole. Mgonjwa wa moyo na mwenye upungufu wa damu nao wasidhani wana nafasi ya kujaribu.

Aghalabu watu huniambia kwamba wao hawana shida, maana huliwashia jiko nje na kuliingiza moshi ukishaisha. Imani hii imewaua wengi. Moshi ukiisha, kilichoisha ni kile ulichokuwa ukikiona. Makaa mekundu yasiyo na moshi huendelea kutoa sumu hadi yazimike kabisa. Sufuria ya maji juu ya jiko haisaidii. Mshumaa unaoendelea kuwaka si ushahidi kwamba hewa ni safi, kwani mtu anaweza kufa kwa sumu hii mshumaa ukiwa bado unamulika.

Utaitambuaje? Kichwa kinauma, unahisi kizunguzungu, miguu inalegea, unataka kutapika, na mawazo yanakuwa mazito. Ni rahisi kudhani ni malaria au mafua. Lakini angalia mambo haya: mwili hauna joto la homa, watu kadhaa wameugua kwa wakati mmoja, na mtu akitembea kwenda kwake katika baridi hupata nafuu njiani. Kichwa kinachouma kila Jumapili alasiri na kutulia kila Jumapili jioni kinakuambia jambo.

Ikitokea, wote watoke nje mara moja, hata kama kunanyesha. Jiko litolewe iwapo kuna awezaye kulifikia bila kujihatarisha. Aliyezirai, anayechanganyikiwa, anayeumwa kifua na aliye mjamzito wapelekwe hospitali bila kusubiri, hata wakidai wamepona. Katika hewa ya kawaida, sumu hii huchukua saa nne hadi tano ili ipungue nusu tu; kwa oksijeni safi ya barakoa, muda huo hushuka hadi karibu saa moja na nusu. Na tafadhali mwambie daktari kwamba mlikuwa na jiko ndani. Kile kifaa cha kubana kidoleni hakitofautishi damu yenye oksijeni na damu yenye sumu hii, hivyo kinaweza kuonyesha kwamba mgonjwa ni mzima huku akiangamia.

Dawa ya baridi hiyo ni makoti mazito, soksi mbili, blanketi na thamosi ya chai. Mkipikia kwa makaa, pikieni nje au katika jikoni lenye hewa, na makaa yabaki hukohuko.

RANGI NA THINA

Mbali na jiko, kuna vitu vya kuzimulia rangi. Wachoraji wetu wengi hawanunui rangi za madukani zilizotengenezwa kwa ajili ya picha, maana ni ghali. Hutumia mabaki ya rangi ya mafuta ya kupaka nyumba, juu ya kipande cha mbao, na huizimua kwa tapentaini, thina au mafuta ya taa. Mvuke wake huumiza kichwa na kuchochea pumu. Mvuke wa thina una hatari nyingine pia: ni mzito kuliko hewa, huteremka na kutambaa sakafuni hadi kwenye jiko, na hapo chumba kinawaka ghafla. Ndiyo maana nasema jiko na thina visikutane hata siku moja.

Usinawe mikono kwa thina. Huondoa mafuta ya ngozi, ngozi hupasuka, na katika baridi huchukua wiki kadhaa kupona. Paka mafuta ya kupikia, sugua, kisha nawa kwa sabuni. Tambara lililofuta mafuta ya kitani lisikunjwe na kutupwa pembeni, kwani hujipasha joto lenyewe na linaweza kushika moto bila kiberiti. Lianike nje likiwa limetandazwa.

Jambo linalonikasirisha ni thina au mafuta ya taa katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma akili yako. Akinywa, usimtapishe na usimpe maziwa ili atapike. Anapotapika, mafuta hayo huweza kuingia mapafuni na kuyaunguza, na hilo ndilo linaloua. Mvue nguo zilizolowa, mfute mwili, mkimbize hospitali, na chupa uibebe.

Rangi kuukuu, hasa ile ya debe lililokaa stoo miaka mingi, yaweza kuwa na risasi, na hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo wa mtoto. Usiikwangue wala kuipiga msasa ndani ya nyumba. Baadhi ya dawa za kubandua rangi zina kemikali ambayo mwili wenyewe huigeuza kuwa kaboni monoksaidi, kwa hiyo hata nyumba isiyo na jiko haijasalimika.

Na mdomo? Wapo wanaochonga ncha ya brashi kwa midomo. Katika miaka ya 1910 na 1920 huko New Jersey, Marekani, wasichana waliopaka tarakimu zing'aazo kwenye saa walifundishwa kufanya hivyo. Rangi yao ilikuwa na radiamu, madini yenye mnururisho, na mifupa ya mataya yao ikaoza. Rangi zetu si hizo, lakini baadhi zina kadimi na kobalti. Chonga brashi kwa kitambaa, na kikombe cha chai kisikae karibu na kikombe cha kuoshea brashi. Kila kundi lina mtu aliyewahi kuvikosea.

MWANGA

Kaa karibu na dirisha, nalo liwe wazi kidogo, na lingine la upande wa pili liwe wazi pia ili hewa ipite. Hapo unapata mwanga na pumzi kwa pamoja. Aliyevuka miaka 40 na anayeona picha yake imefifia asilaumu ukungu kabla hajapimwa macho. Mimi mwenyewe siku hizi gazeti nalishikia mbali, na muuguzi wangu hunicheka. Mwenye baridi yabisi anunue brashi yenye mpini mnene, au auzungushie mpini kitambaa hadi ushikike bila kukaza vidole, na apashe mikono kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kuanza. Asipake rangi zaidi ya nusu saa bila kuinuka. Kwa majira haya rangi ya maji au ya akriliki ni bora kuliko ya mafuta, kwa kuwa brashi zake huoshwa kwa maji na thina haihitajiki. Itachelewa kukauka, ni kweli. Iache ukutani hadi Jumapili nyingine.