Kiroba, Dumu na Namba ya Forodha

Alizeti inapovunwa Mungaa, katika Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, vyombo viwili vya plastiki huhitajiwa karibu katika kila nyumba ya mkulima. Cha kwanza ni kiroba cha kutilia mbegu. Cha pili ni dumu la kutilia mafuta, baada ya mbegu kukamuliwa na mashudu kutengwa. Vyombo hivyo havifanani hata kidogo, lakini asili yao hufanana sana: vyote viwili vilikuwa punje ndogo nyeupe, zenye ukubwa wa choroko, zilizotiwa katika mifuko na kuletwa kwa meli.

Mtu akiwekewa mezani konzi mbili za punje hizo, moja ya kutengenezea viroba na nyingine ya kutengenezea madumu, macho peke yake hayatamwambia ipi ni ipi. Hata hivyo, kabla mzigo haujatoka bandarini, ni lazima upewe namba yake katika jedwali la ushuru. Namba hiyo hupatikana kwa kujibu maswali matatu: Je, kitu hiki ni nini? Kiko katika umbo gani? Je, ni mali ghafi au ni taka?

Kitu hiki ni nini?

Plastiki ni polima, yaani kitu ambacho molekuli zake ni minyororo mirefu iliyoundwa kwa vipande vidogo vinavyojirudia, kama ushanga uliotungwa katika uzi. Kipande kikiwa ni gesi ya ethilini, polima yake huitwa polithini. Kikiwa ni propilini, polima yake huitwa polipropilini. Madumu mengi hutengenezwa kwa polithini, na viroba kwa polipropilini.

Polithini iligunduliwa mwaka 1933 nchini Uingereza na Eric Fawcett na Reginald Gibson, wakemia wa kampuni ya Imperial Chemical Industries, walipokuwa wakiijaribu ethilini chini ya kani kubwa mno. Minyororo ya polithini ya namna hiyo ina matawi mengi. Mwaka 1953 Karl Ziegler wa Ujerumani alipata vichocheo vilivyowezesha kazi hiyo kufanyika kwa kani ndogo, na minyororo iliyopatikana ilikuwa imenyooka. Mwaka uliofuata Giulio Natta wa Italia alitumia vichocheo vya aina hiyo kupata polipropilini ngumu. Wataalamu hao wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1963.

Tofauti ya matawi si jambo dogo. Fito zilizonyooka hufungwa pamoja zikawa mzigo ulioshikamana, lakini matawi ya mgunga hayakubali kushikamana, na huacha nafasi tupu nyingi katikati. Vivyo hivyo polithini yenye matawi ni nyepesi na laini, nayo hufaa kwa karatasi za plastiki, hali polithini iliyonyooka ni nzito zaidi na ngumu, nayo hufaa kwa madumu.

Jedwali la forodha limeifuata sayansi hiyo. Mkataba wa Mfumo wa Uwiano wa kuzitambulisha bidhaa ulitiwa sahihi Brussels mwaka 1983 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Plastiki imewekwa katika Sura ya 39 ya mfumo huo. Polima za ethilini ziko chini ya namba 39.01, na za propilini chini ya 39.02. Polithini yenye uzito mahsusi usiofika 0.94 hupewa namba 3901.10, na yenye uzito mahsusi wa 0.94 au zaidi hupewa 3901.20. Matawi yasiyoonekana kwa jicho, basi, ndiyo yanayoamua namba itakayoandikwa katika hati.

Jaribio la maji na mafuta

Msingi wa upimaji huu waweza kuonekana Mungaa kwenyewe, kwa bakuli la maji na bakuli la mafuta ya alizeti. Sentimita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa gramu 1. Ya mafuta ya alizeti, takriban gramu 0.92. Polipropilini safi ina takriban gramu 0.90 hadi 0.91, polithini nzito takriban 0.95, na plastiki ya chupa za maji ya kunywa, iitwayo PET, takriban 1.38.

Kipande cha chupa kikitiwa katika maji huzama. Kipande cha dumu huelea. Lakini kipande hicho hicho cha dumu kikikaushwa na kutiwa katika mafuta ya alizeti, huzama. Punje ya polipropilini safi huelea katika mabakuli yote mawili. Hivyo vimiminika viwili vya jikoni vimetenganisha polima tatu.

Jaribio hili lina mipaka yake. Kiputo cha hewa kilichonasa huweza kukieleza kitu kinachostahili kuzama. Tena watengenezaji wa viroba mara nyingi huchanganya unga wa chokaa katika plastiki, nao huongeza uzito. Kwa sababu hiyo maabara haitegemei kuelea peke yake. Punje hupashwa moto, kwa kuwa polithini nzito huyeyuka kwenye nyuzi 130 za Selsiasi hivi, na polipropilini kwenye nyuzi 165 hivi; pia huchunguzwa jinsi zinavyofyonza mionzi ya infraredi.

Kiko katika umbo gani?

Sura ya 39 huyaita maumbo fulani kuwa ni ya msingi: vimiminika, unga, punje, vibonge na mengine ya jinsi hiyo. Plastiki ikishatengenezwa kuwa chombo huhama mahali pake. Dumu huenda kwenye namba 39.23, pamoja na vyombo vingine vya kufungashia. Kiroba huenda mbali zaidi. Kwa kuwa kimefumwa kwa nyuzi bapa ambazo upana wake hauzidi milimita 5, kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni kitu cha nguo, na namba yake, 6305.33, imo katika Sura ya 63.

Hapa ndipo penye fedha. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, uliweka madaraja matatu ya ushuru: asilimia 0 kwa mali ghafi, 10 kwa bidhaa zilizotengenezwa nusu, na 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Mwaka 2022 liliongezwa daraja la asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa. Punje za polithini na polipropilini zimo katika daraja la 0, ili viwanda vya nchini vipate kazi ya kufuma viroba na kufinyanga madumu. Punje zikipewa namba isiyo yake, kiwanda hulipa zaidi, na mkulima huongezewa bei ya kiroba. Bidhaa iliyokamilika ikipitishwa kwa jina la mali ghafi, kiwanda hunyang'anywa soko na hazina hukosa mapato.

Je, ni mali ghafi au ni taka?

Dumu lililopasuka huokotwa na kuuzwa. Likikatwakatwa tu bado ni taka, na namba yake ni 39.15. Lakini vipande vya plastiki ya aina moja vikiyeyushwa na kufanywa punje tena, hurudi katika namba ya polima yake. Tofauti hii imekuwa na uzito zaidi tangu tarehe 1 Januari 2021, yalipoanza kutumika marekebisho ya Mkataba wa Basel, ambayo huzuia taka za plastiki zilizochanganyika au zilizochafuka kupelekwa nchi nyingine bila idhini ya nchi hiyo.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba namba ya forodha haimthibitishii mtu usalama wa chakula. Dumu jipya na dumu lililobeba dawa ya kuulia wadudu ni polithini ile ile, na yote mawili huelea majini. La pili halifai kamwe kutiliwa mafuta ya kula, hata likisafishwa namna gani. Forodha hueleza kitu ni nini na kina umbo gani. Kilichobebwa ndani yake jana hujulikana kwa mwenye dumu peke yake.